Kicheko cha Alhamisi

Kwa maneno ya jirani, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Redio, binti wa fundi cherehani alionekana shuleni amemlalia begani dada wa ustawi, yule anayeshughulikia wanafunzi wenye shida za nyumbani, anacheka mpaka machozi yanamtoka.

"Kwa macho yangu haya, shoga! Utadhani mtu na mama yake."

Fundi alijichoma sindano. Tangu mumewe ahame, miezi minne sasa, bintiye Kidoti nyumbani alikuwa wa "ndiyo" na "sijui" tu. Kumbe kicheko kipo, kinagawiwa watu baki!

Alhamisi asubuhi alikwenda shuleni na fomu ya idhini, ile ya kumruhusu mtoto aendelee kuonana na dada huyo. Hakuwa ameisaini. Alikusudia kuirudisha vilevile, na maneno mawili matatu juu yake.

Akachungulia dirishani. Kidoti alikuwa anashona masweta ya shule yaliyochanika, dada wa ustawi akimshikia uzi. Kushona! Yeye ambaye nyumbani hata kifungo hagusi.

Kengele ikalia, mtoto akakimbilia darasani. Fundi akaingia bila hodi.

"Mwanangu umemlisha nini?"

"Karibu, mama. Keti kwanza."

"Sikuja kukaa. Nimzae mimi kwa uchungu, uje umvune wewe kwa kicheko?"

Dada wa ustawi alikunja sweta taratibu. "Ananicheka mimi, mama. Hata fundo sijui kufunga. Habari za baba yake alizitaja wiki ya sita ya kuja hapa, mwenyewe. Sikumuuliza."

"Hukumuuliza?"

"Hata mara moja."

Fundi akavuta kiti, akaketi. Yeye aliuliza kila siku, kabla mtoto hajavua viatu: baba yako umemwona? Kasema nini? Yuko na nani?

Aliisaini fomu kwa kuikandamiza kalamu. Wivu haukutoka, ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Jioni ile aliuma midomo. Kidoti aliingia, akavua viatu, akala, akaosha sahani yake. Mama mtu akajimiminia chai. Kila swali lilipopanda, alilimeza na chai. Mwishowe uzalendo ukamshinda.

"Mwanangu, Alhamisi ijayo na mimi nije? Nitakaa kwenye kona tu. Siulizi kitu."

Kidoti alimtazama. Kisha akainama, akaanza kupanga madaftari yake begini, moja baada ya jingine. "Njoo na uzi," alisema.