Mzima Kabisa, Ila Mguu

Jumapili asubuhi Msafiri alisoma kioo cha kompyuta mara tatu na bado hakuamini. Ujumbe wa sauti themanini na tatu. Maswali, thelathini na moja. Salamu, hamsini na mbili. Dharura, hakuna.

"Hakuna?" alisema. "Agosti hii, na joto hili? Wanawake mia nne wanafanya kazi za ndani, na hakuna hata mmoja mwenye shida?"

"Basi tumshukuru Mungu, ami Msafiri," alisema Wijdan bila kuinua macho. Ndiye aliyeleta ile programu ya akili mnemba. Alikuwa fundi wa kompyuta benki, na siku zake za mapumziko alijitolea kwenye jumuiya ya mama yake, Bi Masouda, inayowasaidia Watanzania wanaofanya kazi Maskati. Zamani ujumbe wote ulisikilizwa na Bi Zakiya. Zakiya alipokwenda Unguja kuuguza, ujumbe ulirundikana, na Wijdan akasema mashine itausikiliza, itauandika na kuupanga.

Msafiri hakuwa na ugomvi na mashine. Alikuwa dereva wa jumuiya, aliacha shule darasa la sita, na ramani ya simu ilikuwa imemwokoa mara nyingi. Lakini asubuhi ile kiti kilimchoma. Alisimama, akaenda dirishani, akatazama magari mapya yaking'aa chini, mbele ya maduka ya magari ya mtaa wa Wattaya, akarudi.

"Nifungulie hizo salamu."

"Zote? Ami, tumeweka mashine ili tusifanye hivyo."

"Fungua."

Jina la nne lilikuwa Belinda. Mashine ilikuwa imeandika: *Belinda ni mzima. Anasalimia wote. Familia anayoifanyia kazi imesafiri Salalah.* Ujumbe wa Ijumaa, dakika tatu kasoro. Msafiri akabonyeza.

"Shikamoo kaka Msafiri. Habari za siku? Mama Masouda hajambo? Sisi huku wazima kabisa, namshukuru Mungu. Madam na watoto wako Salalah, nimebaki na bibi..." Ziliendelea salamu za Wijdan, za Zakiya na mgonjwa wake, za mtoto wa Msafiri aliyefanya mtihani. Dakika ya pili ikapita. "Basi mzima, ila tu huu mguu. Mafuta ya sambusa yalinimwagikia Jumatano. Sasa umevimba, unatoa maji, na usiku natetemeka. Nisikusumbue kaka. Ukipata nafasi."

Wijdan aliweka kalamu chini. Msafiri alipiga simu. Haikupokelewa. Akapiga tena huku anatafuta funguo.

"Mashine uliijaribu kwa sauti za nani?" aliuliza Bi Masouda, aliyekuwa amesimama mlangoni na kusikia yote.

"Zangu, mama. Kumi."

"Zako! Wewe ukiumwa unasema naumwa. Hawa wanaanza na hali za watu mpaka za paka. Shida inakuja mwisho, tena kwa kuomba radhi. Nnakujua wewe huna subira, ndo ukaifundisha na mashine yako."

"Sikujua."

"Hukuuliza. Na mimi nlokuruhusu sikuuliza vilevile. Twende, Msafiri."

Barabara ilijaa malori yanayoingia viwandani Rusayl. Msafiri alihama njia kushoto, kulia, akapiga honi, akatukana kimoyomoyo. Bi Masouda alipiga simu ya Belinda mpaka betri yake mwenyewe ikaanza kulia. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, Msafiri alihesabu. Siku mbili mguu umekaa chini ya neno salamu.

Belinda alifungua mlango akiwa ameshika ukuta. Mguu ulifungwa kanga, na harufu ilimfikia Msafiri kabla ya sauti.

"Shikamoo kaka. Karibuni. Simu niliiacha jikoni juu, kupanda na kushuka nimeshindwa."

"Acha shikamoo. Twende hospitali."

"Na bibi?"

Kikongwe alikuwa kwenye kiti sebuleni. "Tangu jana namwambia aende," alisema kwa Kiswahili cha Unguja. "Kakataa kuniacha peke yangu. Mkaidi huyu!"

"Ntakaa nawe mie," alisema Bi Masouda, na alikuwa ameshavua viatu.

Daktari alisafisha kidonda, akamlaza. Alisema mguu utapona, ila kama ungeletwa Jumatatu asingeahidi hivyo. Msafiri alikaa pembeni ya kitanda.

"Kaka, ulikuwa safarini?" Belinda aliuliza.

Angeweza kusema ndiyo. "Hapana. Siku hizi ujumbe unasikilizwa na programu kwanza. Ilisema wewe mzima."

Belinda alicheka kidogo, kisha akaacha. "Na mambo ya madam niliyowahi kuwaambia, nayo imeyasikia?"

"Nayo."

"Mngetuambia."

 Msafiri alitoka hadi ukumbini akampigia Bi Masouda, akamweleza neno kwa neno.

"Ana haki," alisema Bi Masouda. "Leo leo tuwaambie wote. Asiyetaka, sauti yake isikilizwe na mtu tu. Majina yao tuyafute kwenye mashine. Na mashine iandike, kupanga tupange wenyewe, mpaka tuijue."

"Wijdan atakubali?"

"Muulize."

Akampigia. Wijdan alipokea haraka, nyuma yake sauti ya mwanamke ikisalimia bila kukoma.

"Salamu zilibaki hamsini na moja, ami. Nimefika ya kumi na tisa. Huyu anachanganya Kisukuma chenu katikati, simwelewi, na analia. Uko wapi?"

"Anaitwa nani?"

"Paulina."

Msafiri alikuwa tayari anashuka ngazi kuelekea garini. "Niwekee hapohapo kwenye simu," alisema. "Anza mwanzo, usiruke salamu."