Fremu Iliyolala Ubavu

Mzee Nyoosha alilipata jina hilo karakanani, na alilipata kihalali. Muda wote aliosimamia mafundi seremala pale karakana ya madawati na milango, neno lililomtoka kabla hata ya salamu lilikuwa hilo hilo. Ubao umepinda, nyoosha. Msumari umelala, nyoosha. Wapo wanaoapa kwamba siku moja alimwambia hivyo paka aliyejikunja juu ya takataka za randa, na paka akanyooka mpaka saa ya kufunga kazi.

Sasa alikuwa anastaafu, na kilichomnyima raha ni ukuta.

Ukuta wenyewe ulikuwa nyuma ya meza ya meneja. Hapo walitundikwa wasimamizi waliotangulia, kila mmoja ndani ya fremu yake, wima, shingo imekazwa, uso umekunjwa kama mtu aliyeambiwa asubiri kung'olewa jino. Mzee Nyoosha aliupenda ukuta ule kuliko alivyowahi kumwambia mtu. Tangu akiwa fundi mchanga anayeingia mle kupokea maagizo, alikuwa akiutazama na kujiwekea nafasi, pale karibu na swichi ya taa. Basi meneja alipomwambia alete picha yake kabla ya Ijumaa, siku ya kuagwa, alitoka akasimama katikati ya karakana, misumeno ikanyamaza.

"Wenzangu wale walipigwa studio," akatangaza. "Mimi nimepigwa na mke wangu mwenyewe. Tena zipo nyumbani sanduku zima, kazi yangu ni kuchagua tu."

Na fremu alishaitengeneza. Mbao ya mkangazi mtupu, pembe zimeumana kiasi kwamba sisimizi angetafuta pa kupenya mpaka akate tamaa arudi kwao. Wima, kama zilivyo zote.

Mke aliyetajwa aliitwa Mama Mizani, kwa sababu alifanya kazi zahanati, chumba cha kupimia uzito wa watoto wachanga. Watu wazima wengi wa mtaa ule, wengine sasa na ndevu zao, waliwahi kuning'inia mbele yake ndani ya kaptula ya kupimia, wakilia na kurusha miguu. Kamera aliachiwa na muuguzi mwenzake aliyehamishwa, ikiwa na mkanda wa ngozi wa kuvaa shingoni. Hakufundishwa na mtu. Alianza kumpiga mume, wakaja watoto, ikaja safari ya ziwani, safari ya mlimani, safari za kwa wakwe, na hapakuwa na tukio la nyumba ile lililopita bila ile kamera kuning'inia tumboni mwake.

Utaratibu wake ulijulikana ukoo mzima. Akisema, "Haya, jipangeni," watu walijipanga. Matumbo yaliingizwa ndani, kola zilinyooshwa, watoto walifinywa wakatulia. Shemeji, yaani kaka yake Mama Mizani, aliwahi kuvuta tumbo kwa nguvu mpaka kifungo cha koti kikafyatuka, kikaangusha nzi aliyekuwa anajipitia zake. Kamera ilipanda usoni, ikasikika "ka-cha", ikashuka. "Tayari, asanteni." Hapo watu walipumua, matumbo yakarudi kwa wenyewe, maneno yakaanza.

Jambo la ajabu ni kwamba picha zilizorudi kutoka kusafishwa zilikuwa za baada ya hapo. Watu wanajikuna, wanacheka, wanakimbiza mtoto. Wakilalamika, Mama Mizani alijibu kwa upole, "Hizo ni za ziada. Zile zilizonyooka zipo." Na kwa kuwa kila mtu alidhani mwenzake ameshaziona, hakuna aliyeuliza ziko wapi. Ukoo uliishi kwa imani kwamba mahali fulani ndani ya nyumba ile, labda juu ya kabati, liko sanduku la picha zilizonyooka.

Jumapili kabla ya kuagwa, Mzee Nyoosha aliingia sebuleni na fremu yake kwapani. Kitindamimba wao, binti ambaye ni msusi, alikuwa amekuja kumsuka mama yake, kamkalisha chini kwenye mto.

"Mama watoto," akasema mzee, "hebu lile sanduku la zilizonyooka."

"Sanduku gani?"

"La picha. Nachagua ya ukutani."

Mama Mizani akainua kichwa, akarudishwa chini na kitana. "Baba watoto, picha zote ziko kwenye kopo la biskuti. Unalijua."

"Lile la za ziada. Nataka zile nyingine."

Binti akaacha kusuka. "Enhe, na mimi nazitaka. Kuna ile ya siku yangu ya kwanza shuleni, sijawahi kuiona hata kwa bahati mbaya."

Mama yake akaomba apewe kamera yake pale mezani. Akaiinua usoni, kifuniko hakijatolewa. Ikasikika "ka-cha".

"Mmesikia?"

"Tumesikia."

"Sasa tazameni mdomo wangu." Akashusha kamera mpaka mapajani, akapiga kidoko kwa ulimi, kikavu na kizuri. Ka-cha. Ilikuwa sauti ile ile iliyowakausha watu arusini, ziwani na kwenye ngazi za shule.

Kitindamimba alianguka kando akacheka mpaka akashika mbavu. Baba yake hakucheka.

"Unataka kuniambia nini, mama watoto?"

"Kwamba zilizonyooka hazipo. Hazijawahi kuwepo."

"Na miaka yote tumesimama juani tunabana pumzi."

"Mlikuwa mnabana wenyewe. Mtoto akikaza mwili, mshale wa mizani unarukaruka, huwezi kuusoma. Unamwacha. Akichoka kujikaza, mshale unatulia, hapo ndipo unaandika. Mikanda ya picha yenyewe ilikuwa ya shida. Ningeimaliza kwa kupiga watu waliojikausha kama samaki?"

"Nimetangaza mbele ya mafundi wote," akasema Mzee Nyoosha taratibu. "Mpaka misumeno ilizimwa nikatangaza. Sasa Ijumaa nitundike nini pale, fremu tupu?"

Mama Mizani akaifuta kamera kwa ncha ya khanga. Kitindamimba naye akarudi kwenye nywele.

Mzee alichukua kopo la biskuti akaenda nalo barazani, akalimwaga juu ya meza. Katika kopo zima, alijiambia, haiwezekani ikosekane moja ambayo yeye amenyooka.

Ya kwanza kuja mkononi ilikuwa ya ziwani. Alimwona kijana mwembamba ndani ya mtumbwi wa kukodi, amekamata makasia kwa maringo yote, mishipa imemsimama, anamtembeza mchumba wake mbele ya macho ya kila mtu. Hivyo ndivyo alivyokuwa amejiona siku ile. Kwenye picha, nyuma yake, kamba ya mtumbwi ilionekana wazi ikiwa bado imefungwa kwenye nguzo.

Akaiweka kando haraka.

Ikaja ya basi lililoharibika njiani kwenda mlimani. Abiria wote wanasukuma, na shemeji, ndani ya suti yake, anasukuma kwa kidole kimoja. Ikaja ya kifungua mimba na surua, anachungulia nyuma ya mlango, akiwaonea wivu wanaokwenda shule. Ikaja ya kitindamimba siku yake ya kwanza, viatu kavivaa kushoto kulia, na mkono wa mtu unamfunga kamba. Ule mkono ulikuwa wa Mzee Nyoosha. Alikuwa ameshasahau kwamba alimfunga.

Kisha akakutana na mama yake.

Ukutani sebuleni alikuwa na picha ya marehemu mama iliyopigwa studio, amekaa wima, mikono magotini, macho kama anakaripiwa. Hii ya kwenye kopo ilimkuta ukumbini, ameshatoka kwenye mstari wa picha, khanga imemponyoka begani, anacheka kwa ufizi mtupu, kamnyooshea mtu kidole. Mzee Nyoosha alisikia ule mwanzo wa kicheko, ule mlio kama bawaba kavu, ambao hakuwa ameusikia tangu mama alale. Aliishika picha ile kwa ncha za vidole kama ubao uliopakwa vanishi ambayo haijakauka.

Jua liliondoka barazani akiwa bado anageuza. Alikuwa mtu wa kazi ya mikono, anaijua kazi ya fundi akiiona. Mkono usiotetemeka. Jicho linalosubiri. Hakuna picha iliyomdhalilisha mtu. Hata ule mtumbwi, ukiutazama vizuri, ulikuwa na kijana mwenye furaha kupita kiasi. Alitamani kuwaita mafundi wake wote waje waone. Lakini ya kwake iliyonyooka haikuwemo, na Ijumaa ilikuwa pale pale.

Alipoingia ndani alisema, "Kesho utanipiga. Kwa kamera, siyo kwa ulimi."

"Nitakupiga ulivyo," akajibu mkewe. "Ukinyooka mpaka mwisho, nitapiga hivyo hivyo."

Kesho yake mzee alivaa suti, akakaa kwenye kiti cha barazani alichokitengeneza mwenyewe. Shingo akaikaza, uso akaukunja, akawa msimamizi wa ukutani mtupu. Mkanda mpya ulikuwa umewekwa. Kamera ikapanda, ka-cha, ikashuka.

"Tayari, asante," akasema Mama Mizani.

Mzee hakupumua.

"Nimesema tayari."

"Nimekusikia," akasema mzee kwa pembe ya mdomo. "Ule ulikuwa ulimi."

Mama Mizani akavuta kigoda, akakaa. Wakatazamana. Kitindamimba akaleta chai. Mzee akainywa bila kuinamisha kichwa, sehemu kubwa ikanywewa na tai. Jirani akapita, akasalimu, akaitikiwa na mtu asiyetikisika, akamuuliza kitindamimba dirishani kama mzee amepatwa na baridi yabisi.

"Nipige basi," akasema Mzee Nyoosha. Jasho lilishafika kwenye kola.

"Huyo simjui. Nikimpiga huyo, wajukuu wataniuliza ni nani, nami nitasema alikuja kusoma mita ya maji."

"Mama watoto, nafasi yangu ni pale karibu na swichi. Nimeingoja tangu sina mvi hata moja."

Alilisema kwa sauti ndogo. Mama Mizani akaacha utani. Alikuwa hajalijua hilo la swichi. Akaitazama ile suti, akaitazama fremu iliyoegemezwa ukutani, na kidole chake kikaenda kweli kwenye kitufe.

"Haya," akasema. "Nakupiga umenyooka. Umestahili." Akainua kamera, akalenga, na papo hapo mabega yake yakaanza kutikisika.

"Nini tena?"

"Hapana. Nyooka tu, baba watoto."

"Sema."

"Ulikaa hivi hivi kwenye mtumbwi." Akashusha kamera tumboni, akaziba mdomo kwa kiganja. "Watu wote ufukweni wanaiona kamba. Na mimi nimekaa mbele yako naiona. Umepiga makasia, umepiga makasia, ukaniambia, 'Unaona tunavyouacha ufukwe?'"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia vipi? Ulikuwa unanipeleka mbali."

Akacheka, kiganja mdomoni, kichwa kimeinamia bega la kushoto. Kilikuwa kicheko cha msichana yule yule wa mtumbwini. Mzee Nyoosha alimtazama. Hakucheka, wala hakukunja uso. Alisahau shingo, akasahau swichi, akamtazama tu yule mwanamke aliyekaa kwenye mtumbwi uliofungwa mpaka safari ikaisha, bila kumharibia.

Ka-cha, ikasema kamera kutoka tumboni. Safari hii ilikuwa kamera kweli, na mzee wala hakuisikia.

Picha ilisafishwa ikarudi Alhamisi. Mzee Nyoosha aliitazama mara ya kwanza akaona tai yenye chai na koti lililopanda begani. Mara ya pili akaiona sura. Ilikuwa sura ya mtu anayemtazama mtu, na hakuwa akijua kama anayo. Aliizungusha, akaisogeza mbali, akairudisha karibu. Kisha akaipeleka kwenye fremu, ikakataa. Ilikuwa imepigwa kwa mlalo, na fremu ni ya wima.

"Tuikate pembeni," akashauri binti yake.

"Ukate kazi ya fundi?" akasema mzee. Akachukua bisibisi, akaing'oa kulabu juu ya fremu, akaikaza ubavuni.

Ijumaa ofisi ya meneja ilijaa. Mafundi walisimama mpaka mlangoni, shemeji naye alikuja na suti yake. Mzee Nyoosha akatundika mwenyewe karibu na swichi, akarudi nyuma hatua kadhaa. Kati ya wale wote waliosimama wima wakingoja kung'olewa jino, alikuwepo mmoja aliyelala ubavu, anatazama kitu kinachompendeza.

Meneja akasafisha koo. "Mzee wangu, ni nzuri sana. Ila fremu imelala."

Mafundi wote wakamgeukia mzee, wakilingoja lile neno.

"Ilale," akasema Mzee Nyoosha.

Fundi mmoja aliangusha futi ya kupimia aliyokuwa ameishika.

"Na hapo ulikuwa unatazama nini?" meneja akauliza.

"Mtumbwi," akajibu mzee. "Niliuendesha kwa mkono wangu kutoka ng'ambo hadi ng'ambo ya ziwa, mawimbi yako juu kama paa hili." Nyuma yake mtu alikohoa kwa namna ya mke wake.

Kisha meneja akataka picha ya wote, ya kumbukumbu, rasmi. Watu wakajipanga. Shemeji akaingiza tumbo, waliokuwa karibu wakajikinga na vifungo. Mama Mizani akainua kamera usoni, ka-cha, akaishusha tumboni.

"Tayari, asanteni."

Mzee Nyoosha peke yake ndiye aliyejua. Akavuta pumzi, akafungua kifungo cha koti, na kabla ya mtu mwingine yeyote, akaliachia tumbo lake.