Hakuna Aliyekufa

Tangu redio waninyang'anye maikrofoni, miguu yangu haikutulia. Nikikaa, goti linacheza. Nikisimama, natembea kutoka jikoni hadi mlangoni na kurudi, mpaka mume wangu akaniambia nitaimaliza sakafu. Nilimjibu kwamba kama anaionea huruma sakafu, aibebe. Sikuwa mtu wa kuongeleshwa siku zile.

Kazi yangu ilikuwa kusoma matangazo ya vifo. Kila mchana, baada ya taarifa ya habari, ulipigwa muziki wa polepole, kisha nikaingia mimi: marehemu ni nani, ameacha nani, mazishi ni wapi, habari ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki popote walipo. Kila tangazo nililisoma mara mbili, maana hakosekani mtu aliyefungua redio katikati, naye ana haki ya kujua tangu mwanzo. Watu wakanibandika jina la Mama Tanzia. Sokoni nikiuliza bei ya vitunguu, muuzaji hushika kifua kwanza ndipo anijibu.

Kisha wakaleta mashine. Inasoma majina ya marehemu kama inasoma bei za mabati. Meneja alinishukuru kwa utumishi wangu, akanipa mkono, na kabla sijafika getini nikaisikia hewani, haikohoi wala haimezi mate. Nilitamani kurudi nikaichomoe kwenye umeme.

Lililoniuma zaidi ni mama yangu mzazi. Anaishi mji mwingine na redio yake haizimwi, hata akilala. Kila mchana alinisikiliza, si kwa sababu ya marehemu, bali apate kujua kuwa binti yake ni mzima. Siku ya kwanza ya mashine alinipigia kuuliza kama naumwa. Nikamwambia nipo likizo. Kila alipopiga tena nikairefusha likizo, huku nikiapa kwamba mimi mwenyewe sitampigia mpaka niwe na kazi ya kumtajia.

Basi nikatafuta, tena kwa pupa. Shule moja ya chekechea ilitaka mtu wa kuwasomea watoto hadithi. Nikasoma ya sungura na karoti zake. Watoto wakaanza kulia, na mmoja akauliza sungura atazikwa lini. Kwenye hoteli waliniambia nina uzoefu mwingi mno, na wote tulijua wanazungumzia umri. Duka la nguo wakaniuliza najiona wapi baada ya miaka mitano. Nikawajibu kuwa kwa kazi niliyotoka, mambo ya miaka mitano siwezi kumwahidi mtu. Hawakucheka. Nilituma maombi hata ya kazi ambazo sikuelewa zinafanyika vipi. Simu ikilia, roho juu. Kumbe ni kampuni ya simu inaniuzia vifurushi.

Aliyenifanyia mpango ni wifi yangu, dada wa mume wangu, muuguzi katika kliniki ya meno. Kliniki ile ilikuwa na tatizo moja: watu wanaweka miadi halafu hawatokei, wakikumbushwa kwa ujumbe hawasomi. Daktari mwenyewe, mama wa maneno machache, alikubali nijaribiwe. Nipige simu leo kwa wagonjwa wa kesho. Viti vikijaa, nina kazi. Vikibaki vitupu, tusisumbuane.

Wifi akanivuta pembeni. "Wifi, usiniaibishe. Ongea kama mtu anayetabasamu."

"Mbona natabasamu."

"Basi iambie na sauti."

Nikajaribu. Nikaibana sauti mpaka ikawa nyembamba kama ya msichana wa tangazo la sabuni. Wa kwanza akaniuliza nauza nini, akakata. Wa pili akakata bila kuuliza. Wa tatu akaniambia dada, mimi sina hela, akakata. Chini ya meza goti lilikuwa limeshaanza ngoma yake, na wifi ananitazama kwa mlango wa kioo. Nikachoka kuigiza. Nikanyoosha mgongo, nikavuta pumzi, nikasoma kwa sauti yangu mwenyewe: jina la mgonjwa, siku, saa, mahali. Kisha nikarudia tangu mwanzo, kama kazi yangu inavyotaka.

Hakuna aliyekata tena. Upande wa pili mtu anasema tu kwa unyonge kwamba amesikia, atakuja. Nilianza kuona raha. Ndiyo sababu kwa mzee mmoja, fundi viatu, ulimi ukateleza wenyewe: baada ya kurudia nikamalizia na habari ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki popote walipo. Nikauma midomo, nikakata simu haraka, na sikumwambia mtu.

Asubuhi iliyofuata kliniki ilijaa. Viti vyote vilikaliwa, na wengine walisimama ukutani wakishika mashavu. Wifi alinifinya mkono kwa furaha. Daktari alitoka chumbani kwake akatazama huku na huku kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Nami nikaanza kupanga maneno ya kumwambia mama.

Ndipo akaingia fundi viatu. Alivaa koti jeusi. Nyuma yake mkewe, binti zake, shangazi mtu mzima anayeshikiliwa mikono, na wanaume kadhaa wenye nyuso za msiba.

"Tumekuja kumchukua," mzee akasema.

Daktari akamuuliza wamekuja kumchukua nani.

"Hatujaambiwa. Mama Tanzia alinipigia mwenyewe. Kijana wangu yuko safarini na simu yake haipatikani." Akameza mate. "Alisema mengi, daktari, lakini mimi nilisikia ile sauti tu, na mahali pa kuja."

Shangazi akaanza kulia, na mwanamke aliyekuwa akingoja zamu yake akalia naye bila kujua wanamlilia nani. Wifi alifunika uso. Daktari akanigeukia, na sikuhitaji kuambiwa kitu. Kazi ilikuwa imeshakwenda. Lakini yule mzee alikuwa bado amesimama mbele yangu akingoja jina. Kwa mara ya kwanza miguu yangu ikatulia. Nikasimama, na sauti niliyonayo ni moja tu.

"Mzee, hakuna aliyekufa. Nilikukumbusha jino lako la nyuma, ulilopanga kuja kung'oa. Narudia. Hakuna aliyekufa."

Mzee akaketi sakafuni akilia, mdomo wazi. Daktari akamwinamia, akautazama ule mdomo, akasema kwa kuwa umeshafunguka, mzee aingie wa kwanza. Mkewe ndiye aliyeanza kucheka. Kabla ya mchana shangazi naye alikuwa kwenye foleni, kuna gego linamsumbua muda mrefu.

Jioni daktari aliniita. Akasema hajawahi kuiona kliniki yake imejaa namna ile, wala hajawahi kuona wagonjwa wameogopa namna ile. Nikaanza kuomba radhi, akanikatiza.

"Uje kesho. Ila kila ukipiga simu, anza na hilo la leo. Mengine yafuate."

Nilitoka hadi kwenye ngazi, nikampigia mama. Akapokea kwa woga, kama wanavyopokea wote wakijua ni mimi. Nyuma yake niliisikia ile mashine ikisoma.

"Mama, hakuna aliyekufa," nikasema. "Sikuwa likizo. Redio waliniachisha kazi zamani, nikaona haya kukuambia. Sasa nimepata nyingine, kwenye kliniki ya meno. Naanza kesho."

Nikasikia redio yake ikizimwa.

"Nimefungua katikati, mwanangu," akasema. "Rudia."

Nikarudia tangu mwanzo.