Madaraja Saba kwa Baiskeli ya Umeme

Sheria za madaraja saba ya mto Asano si nyingi. Kuanzia daraja la kwanza mpaka la saba hufungui mdomo. Hugeuki kutazama nyuma. Hupiti njia moja mara mbili. Ya nne haitajwi mbele ya wanaume: uwe umevaa chupi mpya, nyeupe, ambayo haijawahi kuguswa na maji. Ukiyatimiza hayo usiku wa siku ya kuzuru makaburi, wanawake wa Kanazawa wanasema, hutalala kitandani ukigeuzwa na mikono ya watu mpaka siku yako ifike. Sheria hazisemi lazima uende kwa miguu, na hapo ndipo Tazuko alipopata upenyo.

"Wifi, nionyeshe mahali walipokataza baiskeli," alimwambia Fumie jioni ile. "Waliotunga haya mambo walikuwa hawajaona betri. Wangeiona wangetupa viatu mtoni."

"Watu watatucheka."

"Wacheke. Wao wana meno, mimi nina goti."

Tazuko alikuwa dada mkubwa wa Shozo, marehemu mume wa Fumie. Tangu Shozo azikwe, wifi hawa wawili waliishi nyumba moja huko Higashiyama, wakigombana juu ya chumvi na kulala vizuri. Mdomo wa Tazuko haukujua likizo. Aliongea na muuza samaki, aliongea na paka, na ukimwacha peke yake aliongea na birika. Kwamba mtu huyu angevuka madaraja saba bila neno, Fumie hakuamini hata kidogo, na alimwambia hivyo.

"Nitaweka peremende mdomoni," Tazuko akajibu. "Tena kubwa."

Kabla ya kutoka, Tazuko alichukua ohagi zilizobaki, yale matonge ya wali yaliyovikwa maharage matamu, akapanga matatu kwenye sahani na kuyafunika. Fumie alidhani la tatu ni la Shozo, ingawa Shozo alikwishawekewa lake asubuhi mbele ya picha yake.

Baiskeli waliziazima kwa Kiyoharu, fundi mwenye duka karibu na daraja kubwa. Alikuwa mgane kutoka Osaka, amekuja Kanazawa miaka michache tu, na mila za mji zilikuwa bado zinampita pembeni. Alipouliza wanakwenda wapi usiku wote huo, Tazuko akamjibu kwamba wanakwenda kupunga upepo mtoni. Ungemwelezaje mwanamume habari inayoanzia kwenye chupi? Kiyoharu akawarekebishia viti, akafunga betri, akakaza breki ya Fumie mara mbili ingawa mara moja ilitosha.

Na hapa lazima niseme kilichokuwa kikimkaba Fumie, maana yeye mwenyewe hakumwambia mtu. Mwanzoni mwa kiangazi Kiyoharu alimwomba waoane. Binti yake alikuwa anamvuta arudi Osaka, naye alisema yuko tayari kubaki iwapo Fumie atamkubali. Fumie alimpenda. Alipenda hata harufu ya mafuta ya mnyororo kwenye mikono yake. Lakini fundi huyu alikuwa amemuuguza mke wake wa kwanza miaka mingi, akimgeuza usiku na mchana, na Fumie aliapa moyoni kwamba hatamtwisha mzigo ule tena. Kwa hiyo alijiwekea sharti: akiyamaliza madaraja saba, kesho anamwambia ndiyo. Asipoyamaliza, basi. Kuhusu Tazuko, hilo lilimtisha zaidi. Utamwambiaje dada wa marehemu kwamba umempata mwingine?

Walianzia daraja la kwanza, la upande wa juu wa mto, saa sita kasoro, mashavu ya Tazuko yamevimba kwa peremende.

Fumie alikuwa ameishi mji ule maisha yake yote, na hakuwahi kuuona hivi. Baiskeli ilimsukuma kwa upole kama mkono wa mtu mgongoni. Kilima cha kabla ya daraja la Tenjin, ambacho mchana humfanya asimame mara tatu akijidai anaangalia maua, alikipanda akiwa ameketi, na alipofika juu hakuwa hata na jasho. Alitaka kupiga kelele kwa furaha. Akaminya midomo. Nyuma yake alisikia Tazuko akikoroma puani, na akajua wifi yake anacheka.

Walishuka kando ya mto chini ya mierebi. Harufu ya chai ya vijiti iliyokaangwa mchana ilikuwa bado imeganda kwenye mlango wa duka. Katika mtaa wa nyumba za chai, nyuma ya vibao vya dirisha, mtu alikuwa anapiga zeze la shamisen, anakosea, anarudia palepale. Kwenye daraja la Ume, lile la waendao kwa miguu tu, walishuka na kusukuma. Mbele yao lilipita kundi la wanawake wengine, kimya, wamekaza nyuso, wakitembea. Waliziona baiskeli. Mmoja akatikisa kichwa kwa dharau, mwingine akazitazama kwa wivu mtupu.

Daraja kubwa, la nne, ndilo lililokuwa na mtihani. Vijana wawili wageni wenye mabegi walimsimamisha Tazuko wakamwuliza njia ya kwenda stesheni. Tangu azaliwe Tazuko hakuwahi kumwacha aliyepotea aende bila maelekezo, historia ya barabara na jina la aliyeijenga. Macho yalimtoka. Akaonyesha kwa kidevu, akachora kona hewani, akajishika kiuno kuigiza mnara, na mwishowe akawasukuma mgongoni kuelekea upande unaofaa. Vijana wakaondoka wakiinama na kushukuru. Fumie alibana pua ili asicheke, machozi yakamtoka.

Daraja la tano likapita salama. Walipoingia la sita, Kobashi, taa ya Tazuko ikafifia, ikakonyeza, ikafa. Bila betri baiskeli ile ilikuwa nzito kama ng'ombe asiyetaka kuvuka. Tazuko akakanyaga, goti likagoma, akasimama katikati ya daraja. Fumie naye akasimama kando yake. Walitazamana. Kutembea mpaka la saba kwa goti lile kusingewezekana.

Ndipo wakasikia nyuma yao kengele ya baiskeli, na mtu anahema.

"Jamani, samahani sana." Alikuwa Kiyoharu. Aliwapita akaja mbele yao, betri mkononi. "Nimewafungia ile ya juzi. Nzima nimeisahau kwenye chaji. Nimezunguka mto wote nikiwatafuta."

Akachuchumaa, akachomoa, akachomeka. Taa ikawaka. Akangoja karipio. Hakupata hata guno.

"Bi Tazuko, leo hunitukani?" Akanyanyua kichwa kwa wasiwasi. "Basi nimekosea kweli."

Tazuko akahamisha peremende kutoka shavu hili kwenda lile.

Kiyoharu akasimama, akafuta mikono kwenye suruali. "Bi Fumie, sikutaka kuyasema haya mbele ya wifi yako. Lakini binti yangu amepiga simu usiku huu. Kesho asubuhi anataka kujua kama narudi. Mimi ningependa kubaki. Unajua kwa nini." Akakohoa. "Kama hutaki, usihangaike kutafuta maneno mazuri. Nyamaza tu, nitaelewa."

Ee Mungu wangu, Fumie aliwaza, mtu mzima kabisa na kati ya usiku wote umechagua huu. Akatikisa kichwa kukubali, kwa nguvu, na kwa kuwa moyo ulimjaa akainamisha na mgongo pia. Hapo ndipo alipoharibu. Katika nchi ile, mwanamke akikuinamia sana bila kusema kitu, amekukataa, ila hataki kukuumiza.

Kiyoharu akainama chini kuliko yeye. "Asante kwa yote," akasema. Akashika baiskeli yake, akawapita, akarudi nyuma alikotoka.

Fumie hakuweza kugeuka. Alisikia gurudumu likilia tik tik tik, likisogea mbali. Daraja lilibaki moja, na alikuwa analivuka kwa ajili ya nani? Angebaki na mwili mzima, usiohitaji kugeuzwa na mtu, na usio na mtu. Akafungua mdomo amwite.

Mkono ukamziba. Mkono wa Tazuko, unaonuka peremende ya tangawizi. Kwa mkono ule ule uliomziba wifi yake, Tazuko alimshika barabara asigeuke. Kisha akaitema peremende mtoni, akageuka yeye, mwili mzima, akaitazama njia waliyotoka.

"We fundi! Rudi hapa!" Mbwa wakaamka. "Kakubali! Huyu kakubali! Usiku huu wanawake hatusemi, mjinga wewe, miaka yote hii hapa umejifunza nini, pancha tu?"

Tik tik ikakoma.

"Kakubali?" sauti ilitoka gizani, ndogo.

"Angekuwa hataki angekuinamia kwa adabu. Wewe umeona adabu pale? Kainama kama anayeangusha gunia. Njoo, lakini pita mbele yake, ukimfanya ageuke nitakutupa mtoni na betri yako."

Fumie alikuwa analia na mkono bado uko mdomoni. Tazuko akautoa taratibu.

"Usiseme kitu," akamwambia, kwa sauti ya chini sasa. "Bado moja. Ulidhani sijui? Mtu anapeleka baiskeli isiyo na kasoro kwa fundi kila Jumanne. Mficha uchi hazai, wifi, hata ukiwa na chupi mpya. Mdogo wangu alikuwa mtu mwema, lakini amekufa, na wewe hujafa. Haya, kanyaga."

Fumie akakanyaga. Njia nzima mpaka daraja la saba Tazuko alikuwa nyuma yake akiongea, maana sasa hakuwa na cha kupoteza: kuhusu wageni wa stesheni, kuhusu goti, kuhusu yule aliyetikisa kichwa kwa dharau. Kiyoharu alitangulia mbele, akiyumba, hawezi kuacha kutabasamu. Fumie akavuka ubao wa mwisho, akafunga breki, akashuka.

"Ndiyo," akamwambia Kiyoharu.

"Hilo nimeshamjibu mimi," Tazuko akasema. "Sema jingine."

Fumie akamgeukia. "Wifi, bahati yako umeimwaga. Utakuja kulala kitandani, nani atakugeuza?"

"Nyie wawili. Mmoja mabega, mmoja miguu. Mwanzoni nilikuwa na mmoja tu, sasa nimepata faida." Akapanda baiskeli yake, akajaribu taa, akaridhika. "Twendeni nyumbani. Nimefunika ohagi tatu."