Kurasa Nane Upande Mmoja

Mshonaji, jirani yetu, anaapa fundi wa kompyuta ndiye aliyeanza. Ati alimtukania shemeji yangu mama, shemeji akamsukuma kidogo tu, fundi akateleza mwenyewe. Mshonaji alikuwa nje, anageuza kola. Mimi nilikuwa ndani ya duka la fundi.

Nilipeleka flashi ya dada: kurasa nane za picha alizojipiga kwa siri, mwaka mzima. Taya. Shingo yenye alama za vidole. Mgongo. Fundi alichapa kwanza zile kubwa, za polisi. Karatasi nane. Nikamwambia dada anataka na ndogo, ya kukunja na kuficha kwenye kiatu.

"Hilo dogo, mdogo wangu."

Yeye hagusi kipanya. Alifungua lile dirisha jeusi kwenye skrini, akaandika amri ya mstari mmoja: jina la faili, nne kwa mbili, karatasi ilale.

"Ukibonyeza Enta tu, zote nane zinajipanga upande mmoja."

Hakuwahi kubonyeza. Shemeji aliingia, akaziona picha mezani, akamkamata ukosi, akampigiza uso kwenye ukingo wa meza. Mara ya kwanza nilisikia pua. Ya pili, meno.

"Nani kakutuma umchapie mke wangu?"

"Ni kazi tu, kaka..."

Akamlaza chini, akachukua stepla kubwa ya chuma, akaanza kumponda vidole, kimoja kimoja, kama anatwanga. Fundi alipiga yowe. Nikanyoosha mkono, nikabonyeza. Yowe likameza mlio wa mashine. Karatasi ikatoka ya moto, nikaitia kifuani.

Shemeji akainuka, akazihesabu zile kubwa kwa vidole vya damu mpaka nane. Akazichana. Kompyuta akaibamiza sakafuni, flashi akaisaga kwa kisigino.

"Shemeji," akaniambia, kwa upole kabisa, "msalimie dada yako. Mwambie albamu yake nimemfungia."

Nyumbani kwake, dada aliikunjua ile karatasi mapajani. Hakuwahi kuziona zote kwa pamoja. Kidole chake kilitembea kutoka taya hadi shingo, kikashuka safu ya pili, kikarudi mwanzo.

"Fundi wamempeleka hospitali," nikasema. "Polisi wako naye. Mumeo bado hajarudi." Nikamsogezea viatu. "Dada, nakuomba. Twende huko sasa hivi."

Akaikunja karatasi. Akaviangalia viatu.