Maumivu Yenye Adabu

Fundi saa alikuwa haamini kitu ambacho hawezi kukifungua kwa bisibisi. Ndiyo maana mkewe alipokubali kushiriki katika utafiti wa hospitali kuhusu maumivu sugu, yeye alifurahi kuliko mgonjwa mwenyewe: hatimaye kuna mtu atakayetazama ndani. Mgongo wa mkewe ulipasuliwa zamani, ukapona katika kila picha uliyopigwa, ila mwilini ukakataa katakata kupona. Kilichomwezesha kuketi, kushona na kulala ni vidonge vya mofini, dawa ya jamii ya afyuni, ambayo majirani waliinong'oneza kana kwamba mama huyo amejiunga na genge.

Utafiti haukuwa mgumu kuelezeka. Mama angelazwa mara mbili ndani ya mashine ya sumaku inayopiga picha za ubongo, siku ambazo hatameza vidonge vyake. Mara moja angechomwa sindano ya mofini, mara nyingine ya maji yenye chumvi, bila yeye wala mchomaji kujua ipi ni ipi. Kila baada ya muda, mpiga picha angemuuliza kupitia spika: maumivu ni ngapi kwa kumi?

Mlangoni mwa chumba cha mashine, fundi alitakiwa kuacha kila chenye chuma. Alitoa bisibisi, koleo, kopo la springi, kisha bisibisi nyingine kutoka kwenye soksi.

"Mzee, umekuja kumsindikiza mgonjwa au kuiba mashine?" mpiga picha aliuliza.

"Kuitengeneza, ikiwashinda," fundi alijibu, wala hakutabasamu.

Majibu yalipokuwa tayari, daktari aliwaita ofisini. Alikuwa mwanamke wa umri wa binti yao, na alikuwa na tabia ya kutazama kompyuta kila alipokuwa na neno baya la kusema. Aliwaamkia wote wawili, wakaitikia marahaba, kisha akaitazama kompyuta.

"Mama alitoa jibu moja mara zote. Mbili. Mbili kwa dawa, mbili kwa maji. Sasa kama dawa haiyashindi maji, siwezi kuendelea kumwandikia. Mofini si peremende, mzee. Inafunga choo, inalevya, mwili unaizoea. Tutaipunguza polepole mpaka iishe."

Fundi alimgeukia mkewe. Mkewe alikuwa akivichunguza vidole vyake kama vya mtu mwingine. Mojawapo ya zile siku mbili za mashine, mama huyu mwenye maumivu ya mbili alishindwa kuinama kufunga viatu, wala hakukubali kufungiwa. Akatoka hospitalini pekupeku, viatu vikiwa mkononi mwa mumewe.

"Na picha zinasemaje?" fundi aliuliza.

Daktari aliwageuzia kompyuta. Ubongo ulionekana wa kijivu, wenye mabaka mekundu. "Siku ya maji, sehemu hizi zilichangamka zaidi. Lakini wekundu huu si maumivu, ni kule damu inakokimbilia. Mtu akikumbuka ameacha jiko linawaka nyumbani, anaweza kuwaka vivi hivi. Picha za watu wengi zikiwekwa pamoja zinatufundisha kitu. Ya mtu mmoja haimtolei ushahidi. Ushahidi ni kinywa chake."

Kwa fundi, hayo yalikuwa karibu na matusi. Saa ukiifungua hujieleza. Huu hapa ubongo umefunguliwa bila kisu, na bado inabidi aulizwe mwenyewe!

"Bibie, kwa nini mbili?"

"Yule mpiga picha aliniuliza kwa adabu," mkewe alisema. "Watu wamenihangaikia tangu asubuhi, wamenifunika shuka, wananiuliza naendeleaje. Niwape tisa? Nilitaka kusema sifuri, nikaona watajua nadanganya."

Daktari alivua miwani. "Na sasa hivi, mama, ni ngapi?"

"Nashukuru, mwanangu. Si haba."

"Si haba si namba, mama. Kama mimi unanionea haya, mwambie mzee."

"Huyu? Huyu ndiye simwambii kabisa. Akijua, mikono inamtetemeka, anaharibu saa za watu."

Neno hilo lilimchoma fundi. Kila asubuhi alimuuliza mkewe ameamkaje, akajibiwa salama. Na yeye asiyeamini lolote aliliamini hilo, kwa kuwa lilimfaa. Alitafakari kidogo. Katika ndoa yao yote, adabu ya mkewe ilikuwa na ufa mmoja tu. Akakohoa.

"Daktari, usijisumbue. Huyu haumwi. Ni mvivu. Pazia la binti yetu limelala kwenye cherehani mwezi mzima."



"Mvivu?" mkewe alisema taratibu. "Mvivu mimi? Pazia lile nalishona kwa mkono nimesimama, naegemea ukuta, kwa sababu kidonge kikichelewa, kukaa ni nane! Nane, mzee! Na siku ya maji yao ilikuwa tisa, nimeuma ulimi mpaka damu. Na ule usiku niliokufukuza ukalale chumba cha pili eti unakoroma, hukukoroma. Ilikuwa kumi. Sikutaka unione."



"Na ukimeza kwa wakati?" daktari aliuliza kwa upole.

"Nne. Na nne ni maisha, mwanangu."

Daktari alivaa miwani, akaandika, na safari hii aliwatazama usoni. "Dawa inabaki. Tutaifuatilia pamoja, lakini kwa namba za kweli."

Mama alimgeukia mumewe. "Umeniita mvivu mbele za watu."

"Nimekuita."

"Makusudi."

"Makusudi." Fundi aligundua kwamba ameushika mkono wa mkewe, wala hakumbuki tangu lini. "Nimelala chumba cha pili tangu usiku ule, bibie. Nalala chali, nasikiliza pumzi zangu mwenyewe."

"Unakoroma kidogo," mkewe alimliwaza.

"Sasa hivi ni ngapi?"

Mkewe alimtazama daktari, akatazama mlango, akafungua kinywa kusema neno lake la siku zote, akalimeza.

"Sita," alisema. "Ukiacha kuniminya vidole, tano."

Fundi aliulegeza mkono, lakini hakuuachia.