Meza Mbichi ya Zumrotin

Pak Maskuri, yaani Baba Maskuri, alikuwa mkono wa birika, na hakuona haya. Mtu akilisifu kabati lake la sebuleni, hakusema asante. Alitaja bei aliyolinunulia, kisha bei ya kabati kama hilo dukani likiwa limeshapakwa rangi, halafu akacheka mpaka kofia ikamtoka. Pale Jepara, mji wa maseremala huko Indonesia, ambako kila barabara ina karakana na kila karakana ina viti na vitanda vimepangwa nje bila rangi, vyeupe, vikinukia unga wa mbao, yeye aliona ni upumbavu kumlipa mtu akupakie vanishi. Alinunua samani mbichi. Msasa, puti ya unga wa mbao, vanishi, vyote alivimaliza mwenyewe uani kwake, huku mkewe Suparmi akilalamika kwamba nguo zote za kamba zinanuka rangi.

"Mbao mbichi haina pa kujificha," alikuwa akimwambia. "Fundo unaliona, ufa unauona, tundu la bungua unaliona. Wizi unaanza pale rangi inapopakwa."

Katika hilo alikuwa sahihi, sina haja ya kumwonea. Shida ni kwamba aliona kanuni hiyo hiyo itamfaa popote.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza kadi za mialiko ya harusi. Programu ya kuchorea kadi inauzwa, tena leseni yake hulipiwa kila mwaka, na kwa Maskuri kulipa kila mwaka kitu usichoweza kukishika ilikuwa sawa na kutupa wali dirishani. Akatafuta mtandaoni, akaipata ile ile, bure, kwenye tovuti yenye picha nyingi za wanawake na magari. Maelekezo yalimtaka kwanza azime programu ya kuzuia virusi, kwa sababu eti ingepiga kelele za uongo. Akaizima, kama unavyomwomba mama mkwe mwenye maneno mengi akapumzike chumbani wageni wakija. Programu ikafunguka vizuri kabisa. Akamwita Suparmi aje aone.

"Nione nini?"

"Watu wa mjini wanalipa mamilioni kwa hii. Mimi nimelipa umeme tu."

"Aliyeitoa bure yeye anakula nini, Pak?"

"Hayo mwachie mwenyewe."

Na kwa kuwa kitu cha bure kina raha zaidi ukikigawa, aliipakia pia, kwa flashi, kwenye kompyuta yake ya zamani. Hiyo ilikuwa zawadi kwa binti yao wa pekee, Zumrotin, aliyekuwa akijiandaa kuolewa. Angepewa kitanda, meza ya mbao yenye kioo cha kujitazamia, na hiyo kompyuta, ili huko aendako aendelee kutengeneza kadi na kuwa na shilingi yake mwenyewe mfukoni. Rupia yake, niseme. Maskuri alimpenda binti huyo kuliko alivyoipenda akiba, na hilo kwa mtu kama yeye si dogo.

Kompyuta ya kazi ilikaa sebuleni, juu ya meza iliyotazama mlango wa ndani. Zumrotin aliitumia kupanga majina ya waalikwa wake. Ndani ya nyumba ya wazazi wake alikaa anavyotaka, kwa deraa la kulalia, nywele zikiwa wazi na mbichi kutoka kuoga, zikimfika kiunoni. Nyuma yake ilisimama ile meza ya kioo, bado nyeupe, ikisubiri jua.

Maana jua halikuwepo. Mvua za mwaka ule hazikukatika, na vanishi ukiipaka hewani kuna unyevu hugeuka ukungu mweupe usiotoka. Maskuri alitazama mawingu kila asubuhi akiyatukana kwa sauti ya chini.

Suparmi ndiye aliyeanza kuiona taa. Ilikuwa taa ndogo ya kijani, pembeni ya kamera ya kompyuta. Ilikuwa ikiwaka hata kama hakuna mtu anayeitumia.

"Pak, hiki kidude kinanitazama."

"Kinakutazama wewe? Kingekuwa na akili kingemtazama mwanao."

"Sitanii. Jana nilikuwa nafagia, kikawaka. Niliposogea, kikazima."

"Vumbi la msasa hilo, limeingia ndani. Wewe nawe!"

Suparmi alichukua kitambaa cha mezani akaifunika kompyuta. Maskuri, kila alipotaka kufanya kazi, alikitoa kitambaa na kusahau kukirudisha.

Harusi ikafika, ikapita, na ilikuwa nzuri. Mume aliitwa Aufal, kijana mtaratibu wa mji jirani wa Bangsri, mtoto wa Haji Muhsin mwenye madrasa ya wasichana. Nyumba ya Haji ilikuwa nyumba ya watu wazito. Wanawake wake hata uani walifunika vichwa, na Haji mwenyewe alikuwa amekubali mkwe asiye wa ukoo wa masheikh kwa sababu moja tu, aliyoitamka mbele ya wageni wote: amesikia kwamba binti wa Maskuri ni msitirifu. Suparmi alilia kwa furaha aliposikia hayo. Zumrotin alipewa chumba cha mbele pamoja na mumewe, na akapewa darasa la watoto wadogo afundishe. Kitanda na meza ya kioo vilipakiwa kwenye gari vikiwa vibichi vile vile, chini ya turubai, na watu wa Bangsri wakacheka.

"Huyu Pak Maskuri ametuletea samani au kuni?"

"Subirini jua litoke," akawajibu. "Nitakuja kuzimaliza hapa hapa, mtaomba radhi."

Picha ya kwanza ilikuja asubuhi moja, wiki chache baadaye, wakati Suparmi yuko sokoni. Ilikuja kwenye simu ya Maskuri, kutoka namba asiyoijua. Ilikuwa sebule yake mwenyewe. Zumrotin ameinama mbele, anasoma kitu, nywele zimemwagika bega moja, kifungo cha juu cha deraa kimefunguka. Chini yake pameandikwa: *Pak, binti yako ana nywele nzuri. Huko Bangsri wanajua?*

Maskuri alikaa chini sakafuni kabisa, si kwenye kiti. Hakufikiria pesa hata kidogo, jambo ambalo halikuwahi kumtokea. Alifikiria sura ya Haji Muhsin akiitazama picha ile, na baada ya Haji watu wote wa kundi la simu la wazazi wa madrasa, na Zumrotin akitembea kati yao bila kujua.

Akaitazama tena kwa kujilazimisha. Nyuma ya binti yake ile meza ya kioo ilikuwa nyeupe. Mbichi. Basi picha ilipigwa kabla ya harusi, hapa hapa, na ile taa ya kijani. Suparmi alikuwa amesema.

Aliandika: *Unataka nini?* Hakujibiwa. Hilo lilimtisha kuliko kama angetajiwa kiasi. Akaifuta ile picha kabla mkewe hajarudi, akaichukua kompyuta, akaifunga kwenye taulo kama kitu kinachonuka, akapanda pikipiki mpaka kibandani kwa Kang Jumadi, yaani Kaka Jumadi, rafiki yake wa tangu utotoni, anayetengeneza simu na kompyuta karibu na soko.

Hakumwonyesha picha wala hakumtaja binti. Alisema tu kuna mtu ameingia ndani ya mashine.

Jumadi alipekua kidogo, akaguna. "Hii programu ya kadi umeitoa wapi?"

"Mtandaoni."

"Bure?"

Maskuri akaanza kulikunja lile taulo.

"Eh, Maskuri! Kiti unakigonga, unakinusa, unakipindua miguu juu, fundi mpaka anataka kukuzaba kibao. Hiki hukukigonga?"

"Unagonga wapi, Kang? Hakina nyuma wala mbele."

"Na ndiyo maana." Jumadi hakuwa akicheka tena. "Aliyekupa hii alikupa na jicho lake humo ndani. Naifuta yote, naanza upya. Kuna mashine nyingine uliyoiweka?"

"Nyumbani kwangu kuna kompyuta moja tu," alisema Maskuri. Na ilikuwa kweli. Ile nyingine alishaigawa, na kitu akishakigawa kilitoka kwenye hesabu zake.

Ilipofutwa na kuwashwa upya, ile taa haikuwaka tena. Siku zikapita kimya. Namba ile haikuandika. Maskuri akaanza kula vizuri, akaanza tena kutaja bei za vitu. Alijiambia kwamba huyo mtu alikuwa na picha za zamani tu, na mtu asiyeona kipya huchoka.

Halafu jua likatoka, jua kali la siku nzima, na akaenda Bangsri na kopo la vanishi, brashi na msasa.

Aliitoa meza ya kioo uani, akaisugua mpaka vumbi lake likawa laini kama poda ya mtoto. Zumrotin, kichwa kimefunikwa vizuri, alimletea kahawa na tempe, soya iliyochachushwa, ya kukaanga, akachuchumaa kando yake.

"Usiipake nyeusi, Pak. Mimi nataka ionekane mbao yenyewe."

"Nyeusi inaficha. Mimi nifiche nini? Huu ni mtiki wa kweli." Alimwonyesha fundo moja kwenye ukingo wa kulia, limekaa kama jicho la kuku. "Hili fundi alitaka kunipunguzia bei kwa ajili yake. Nikamwambia punguza, lakini usilitoe. Tazama nitakavyolijaza."

"Alikupunguzia sana?"

"Mpaka akamwita mkewe aje ashuhudie."

Zumrotin alicheka, akaziba mdomo haraka kwa sababu baba mkwe alikuwa akisomesha upande wa pili wa ukuta. "Hapa wananipenda, Pak," alisema kwa sauti ya chini. "Nilikuwa naogopa. Haji mwenyewe amesema mwakani nitapewa darasa la wakubwa."

Maskuri alipaka ukingo ule ule mara ya pili bila sababu.

Vanishi ilikauka kabla ya alasiri. Ilikuwa rangi ya asali, na fundo liling'aa. Aufal na mkwewe wakaibeba meza ndani ya chumba, wakaiweka mkabala na kitanda, na Zumrotin akaleta kompyuta yake, akaitandikia kitambaa, akaifungua juu ya meza mpya.

"Nitakuwa nafanyia kazi hapa. Kila asubuhi nikichana nywele, huku kadi zinachapwa. Nimeshapata wateja watatu, Pak, na hata kundi la wazazi wa madrasa nimelifungua humu humu. Ile programu yako haijawahi kukwama."

"Si nilikuambia?" alisema Maskuri, na kifua kikamjaa. Alirudi nyumbani akiimba njia nzima, mikono yake ikinuka vanishi.

Ujumbe ulikuja siku ya pili yake, mchana, wakati Suparmi ameketi barazani akichambua mboga za pecel, chakula cha mchuzi wa karanga, na kuongea na Zumrotin kwenye simu, akicheka kwa vicheko vile ambavyo wanawake huvipunguza mwanamume akikaribia.

Namba ilikuwa ile ile. Picha ilimwonyesha mwanamke kwa mgongo wa pembeni, kitana mkononi, nywele mpaka kiunoni, bega wazi, na kitanda nyuma yake bado hakijatandikwa.

Maskuri hakumtazama binti yake. Aliutazama ubao. Aliivuta picha kwa vidole viwili, iwe kubwa, akiomba kimoyomoyo kwa maneno yote aliyofundishwa tangu utoto: iwe nyeupe. Iwe mbichi. Iwe ya zamani, ya sebuleni, ya kabla. Alitafuta weupe kwenye ukingo wa chini uliochungulia mbele ya kamera, akatafuta kwenye kona.

Ukingo ulikuwa rangi ya asali. Upande wa kulia, karibu na kiwiko cha Zumrotin, fundo lilikuwa limejazwa puti vizuri, laini, linang'aa, na ndani ya mng'ao wake ilionekana nukta moja ndogo ya kijani.

Chini pameandikwa: *Hongera, Pak. Vanishi imekaa vizuri.*

Ndipo alipoikumbuka ile flashi. Aliukumbuka mkono wake ukiichomeka kwenye kompyuta ya zamani, na jinsi alivyokuwa akijipigia mluzi. Mwizi hakuwa amevunja mlango wa Bangsri. Baba wa binti ndiye aliyembeba mpaka ndani, akampitisha mbele ya Haji Muhsin, akamkalisha mkabala na kitanda, juu ya meza aliyoisugua kwa mikono yake.

Alitoka mbio mpaka barazani, simu mkononi. Afunge kompyuta? Ataulizwa kwa nini. Aitupe? Ataulizwa nani kaileta. Ujumbe wa pili ukaingia. Haukuwa na maneno wala bei, ulikuwa tu jina la kundi la simu la wazazi wa madrasa ya Bangsri, na alama ndogo kwamba picha imeshatumwa.

"Suparmi," alisema. "Mwambie..."

Mkewe aliinua mkono, anyamaze kwanza. Kicheko kilikuwa kimemtoka usoni. Alisikiliza, akakunja uso, akasikiliza tena, kisha akaiweka simu kifuani.

"Zum anasema huko kumekuwa kimya ghafla. Wanafunzi wanarudishwa nyumbani, na Haji anamwita barazani, watu wote wameshika simu." Alimtazama mumewe, mboga zikimwanguka mapajani. "Anauliza, Pak, kama wewe unajua ni kwa nini."